Kwa nini gadenia hugeuka manjano Unguja

Gadenia ya kwenye chungu ikianza kuwa manjano, mashauri utakayopewa huwa mawili: umeitia maji mno, au hujaitia ya kutosha. Mwenyewe hupunguza, majani yakazidi kupauka. Akaongeza, yakaanza kupukutika. Mwisho mti hung'olewa, chungu kikapandwa mrehani, na mrehani ukamea vizuri kwenye udongo ule ule. Hapo ndipo inapohukumiwa kuwa gadenia ni ua la kudeka, halipendi nchi ya joto.

Hukumu hiyo si ya haki. Joto letu inaliweza, na unyevunyevu wa hewa yetu ndio inaoutaka khasa. Vitabu vya nchi za baridi hujaza kurasa vikieleza namna ya kuinyunyizia majani na kuiwekea sahani ya kokoto zenye maji, ili ipate hewa ambayo sisi tunaipata bure barazani. Kinachoisumbua hapa ni chokaa. Chokaa imo kwenye maji ya mfereji, imo kwenye mchanga, imo kwenye ukuta ilipoegemezwa, na mara nyingi imo ndani ya chungu chenyewe. Kiasi cha maji ni jambo la pili. La kwanza ni kilichomo ndani ya maji hayo.

Jamaa wa mbuni, si jamaa wa asumini

Kwa kuwa ina ua jeupe na inanukia usiku, gadenia huwekwa pamoja na asumini na kutunzwa kama asumini. Lakini asumini imo katika ukoo wa mzeituni, na haijali sana mawe ya chokaa. Gadenia imo katika ukoo wa mbuni. Aina inayouzwa zaidi kwa miche, Gardenia jasminoides, asili yake ni China ya kusini, Taiwan, Japani na Vietnam, kwenye mvua nyingi na udongo wenye tindikali. Kwa kipimo cha pH, ambacho katikati yake ni 7 na chini ya hapo ni tindikali, yenyewe hustarehe baina ya 5 na 6. Udongo uliochanganyika na chokaa huwa baina ya 7.5 na 8.4 hivi.

Ndugu yake mmoja tunamwona kila siku: ikisora, ule mti wa maua mekundu yaliyobanana kichwani unaopandwa kuwa uzio mbele ya mahoteli na maofisi. Iangalie ile iliyokaribiana na msingi wa nyumba. Majani yake ya juu mara nyingi yamepauka na mishipa imebaki kijani, hali ile iliyosogea mita chache kutoka ukutani imekoza rangi. Mwenye gadenia mgonjwa nyumbani angeweza kuusoma ugonjwa wake pale pale njiani.

Kisiwa kilichokaa juu ya matumbawe

Wakulima wa Unguja wanaujua udongo wao kwa majina: kinongo, mchanga, kinamo, uwanda. Uwanda ni ule wa mashariki, tangu Makunduchi ukipanda hadi Matemwe, udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Pemba ya magharibi ni hadithi nyengine. Kwenye vilima vya mikarafuu udongo una kina na mvua imeshauosha kwa dahari, kwa hivyo mtu wa Wete au Mkoani huenda akachota wa nyuma ya nyumba ukamfaa. Wa Micheweni asijaribu.

Mvua ikipenya ardhini hubeba hewa ya kaboni, ikafika kwenye jiwe na kuliyeyusha kidogo kidogo. Maji tunayoyavuta visimani huja na jiwe hilo likiwa limeyeyuka, halionekani kwenye gilasi. Huonekana kwenye birika: ule ukoko mweupe unaoganda chini na kwenye mdomo wake ndio huo huo unaobaki kwenye chungu cha maua kila maji yanapokauka. Birika tunalisafisha kwa siki. Chungu hakuna anayekisafisha, na mwaka baada ya mwaka kinajaa.

Mji Mkongwe mambo ni mazito zaidi. Nyumba zenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupakwa chokaa, na mvua inayopiga ukuta huteremka nayo hadi kwenye chungu kilichowekwa chini. Vyungu vya saruji navyo, vikiwa vipya, hutoa chokaa kwa miezi. Ukikipenda cha saruji kwa uzuri wake, kijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kupanda, au uweke ndoo ya plastiki iliyotobolewa ndani yake na mti ukae humo. Mimi naona ndoo kuukuu ya rangi iliyosuguliwa vizuri inafaa kuliko vyungu vingi vya bei.

Sasa, chokaa inaidhuru vipi gadenia? Haiiunguzi. Inaificha chuma. Kinongo kina chuma tele, na wekundu wake unatokana na chuma hicho. Lakini mizizi hailambi kutu. Inahitaji chuma kilichoyeyuka, na kila pH ikipanda daraja moja, kiasi cha chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Gadenia iliyopauka kwenye udongo mwekundu ni mtu mwenye njaa aliyekalia gunia la mchele bila ya moto wa kupikia. Mizizi ina ujanja wake, hutoa tindikali kidogo pembezoni mwake ili iyeyushe chuma kilichoko karibu. Maji ya kisima yana bikaboneti, itokanayo na lile jiwe lililoyeyuka, na bikaboneti huizima tindikali hiyo kila unapoyatia. Kwa hivyo aliyeongeza maji kwa nia njema ameongeza maradhi.

Kusoma jani

Bila ya chuma mti hauwezi kutengeneza ukijani wake. Na chuma kina tabia moja inayotusaidia kujua: kikishaingia kwenye jani hakihami tena. Majani ya zamani, yaliyopata riziki yao mapema, hubaki kijani, na machanga ya kileleni ndiyo yanayozaliwa na njaa. Kata jani changa moja, liinue lipitiwe na jua. Ukiona mishipa imechorwa kijani, hata ile midogo kabisa, na nyama iliyo baina yake ni manjano, hiyo ni njaa ya chuma. Ikizidi jani huwa jeupe kama maziwa na kingo zake hukauka.

Nitrojeni na magnesiamu huhama. Mti ukipungukiwa huvinyonya kutoka kwa majani makuukuu na kuyapelekea machanga, ndiyo maana dalili huanzia chini. Upungufu wa nitrojeni hulipausha jani zima, mishipa na yote. Wa magnesiamu huacha manjano baina ya mishipa, lakini kwenye majani ya chini, na mara nyingi karibu na kikonyo hubaki kabari ya kijani. Jani moja mawili ya ndani yakianguka kila mara, huo ni uzee tu.

Ncha zilizoungua rangi ya kahawia ni alama ya chumvi. Wanaoishi karibu na pwani, ambako visima vingi vimeingiwa na bahari, wataijua. Upepo wa bahari nao hutosha kuifanya kazi hiyo, hivyo Nungwi au Paje chungu kisikae upande unaotazama maji.

Mtego mkubwa uko hapa: mizizi iliyozama nayo haiwezi kunyonya chuma, kwa kuwa haina hewa. Jani la mti uliozamishwa na la mti uliotiwa chokaa huweza kufanana kabisa. Njia ya kuyatenganisha ni kuutoa mti kwenye chungu ukautazama. Kilaze ubavu, gonga pembeni, vuta taratibu kwa shina la chini. Mizizi mizima ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka uvundo, na ukiivuta ganda lake linavuka na kuacha uzi mkononi. Ukikuta vifundo vifundo kama shanga, hao ni minyoo fundo, adui wa gadenia kwenye udongo wa kichanga. Udongo huo utupe mbali na bustani. Huko Florida, ambako mchanga na minyoo hiyo ni shida ya kila bustani, gadenia hupandikizwa juu ya shina la Gardenia thunbergia ya Afrika Kusini inayohimili minyoo. Sisi wa kwenye vyungu tunajinusuru kwa kutotumia udongo wa shamba.

Kijiko cha udongo na siki

Kabla ya kununua dawa yoyote, chukua kijiko cha udongo mkavu kutoka kwenye chungu, kiweke kwenye kisahani cheupe, kisha udondoshee siki. Sogeza sikio. Udongo wenye chokaa hutoa mapovu madogo na mlio wa kuchemka. Wenye chokaa nyingi huumuka mbele ya macho. Usiokuwa nayo hulowa tu. Fanya hivyo hivyo kwa mchanga unaotaka kuuchanganya. Mchanga wa pwani, ule mweupe mzuri, ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nao huchemka kuliko vyote. Mchanga wa mashimo ya ndani ya kisiwa mara nyingi hunyamaza, lakini siki ndiyo itakayosema.

Udongo ukichemka, usihangaike kuutibu. Watu husikia kuwa unga wa salfa hushusha pH, na ni kweli: bakteria wa udongoni huugeuza kuwa tindikali. Fanya hesabu yake lakini. Gramu 1 ya salfa huzima kama gramu 3 za chokaa. Chungu chenye kilo 10 za udongo, na kilo moja ndani yake ni chokaa, kitahitaji zaidi ya gramu 300, na kabla ya kufika huko mizizi itakuwa imeshaungua. Kupanda upya ni rahisi zaidi.

Udongo mpya

Nausifu mchanganyiko wa usumba, mboji ya majani na mchanga usiochemka: sehemu mbili, mbili na moja. Mboji iwe ya majani yaliyooza yenyewe chini ya mwembe au mkarafuu, nyeusi, yenye harufu ya mvua. Usumba ndio unaotaka uangalifu. Makumbi ya nazi ya kusokotea kamba hufukiwa pwani kwenye maji ya bahari kwa miezi kabla ya kupondwa, kama wafanyavyo akinamama wa Jambiani na Bwejuu, na usumba huo una chumvi hadi kwenye nyuzi zake. Uroweke kwenye maji ya mvua, uukamue, uyamwage, urudie mpaka ukionja maji usihisi chumvi. Bora zaidi ni kupasua makumbi makavu ya shamba ambayo hayajaiona bahari.

Kokoto za matumbawe chini ya chungu, tulizozoea kuziweka "ili maji yapite", ziache. Hazipitishi maji vizuri kuliko udongo wenyewe, na zinayeyuka mahali mizizi inapofika. Kipande cha kigae juu ya tundu kinatosha.

Ukihamisha mti, kung'uta udongo wa zamani kwa utaratibu na usiukate mpira wote wa mizizi siku moja. Shingo ya shina ibaki juu ya udongo. Weka kivulini kwa wiki moja au mbili.

Maji yatoke juu

Udongo mzuri ukitiwa maji ya kisima utarudi ulikotoka ndani ya mwaka. Dawa ya kweli ni mvua, na mvua si haba. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, nyingi katika masika na vuli. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 10 kwenye mvua moja nzuri ya milimita 20 hukupa lita 200, pipa zima. Gadenia moja kwenye ndoo ya lita 15 hunywa lita moja na zaidi kidogo kwa siku wakati wa jua kali. Pipa moja, basi, huuvusha mti ukame wa kaskazi, na kwa kipupwe, ambapo hunywa kidogo, huchukua muda zaidi. Acha mvua ya mwanzo ikoshe vumbi la paa. Usikinge maji yaliyopita kwenye ukuta wa chokaa au tangi la saruji. Na pipa lifunikwe kwa chandarua, mbu wasije wakajijengea.

Pipa likikauka, maji ya mfereji yanaweza kupunguzwa makali kwa siki au ndimu: kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Hicho hakizimi bikaboneti yote, na kheri hivyo, maana kuzidisha ni kuunguza. Lakini ni dawa ya muda. Bakteria wa udongoni huila siki, na sehemu ya ubaya hurudi. Kuyachemsha maji na kuyaacha yapoe nako hupunguza, kwani chokaa inabaki kwenye sufuria. Kuyaweka nje usiku kucha na mchana, kama wengine wanavyosisitiza, hakuondoi chochote ila klorini.

Namna ya kutia: tumbukiza kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pakavu, tia mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yaliyojaa kwenye sahani. Pakiwa na ubichi, ondoka.

Jivu, mayai na misumari

"Mtilie jivu, shoga, utaona atakavyochangamka." Shauri hili lina ukweli wake kwa mchicha na migomba, na kwa gadenia ni sumu ya polepole, kwa kuwa jivu hufanya kazi ile ile ya chokaa. Maganda ya mayai ni chokaa tupu. Misumari yenye kutu iliyofukiwa kwenye udongo ni chuma, naam, lakini kutu ni chuma kile kile kisichoyeyuka ambacho tayari kimejaa kwenye kinongo. Makapi ya chai hayadhuru yakiwa machache, ingawa sidhani yamewahi kuokoa mti. Samadi mbichi ina chumvi. Ikishaoza mwaka mzima, kiganja kimoja hakina neno.

Mbolea ya dukani chagua kwa jina lake. SA (salfeti ya amonia) huelekea kwenye tindikali, na kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, kila baada ya wiki mbili wakati mti unachipua, kinatosha. CAN (nitreti ya amonia na chokaa) ina chokaa ndani yake. Waachie wenye mahindi. Ukitaka kuutia mti chuma, tazama herufi kwenye pakiti, zinazotaja kibebeo kinachokishika chuma kisigande. Kibebeo cha EDTA huuachia mzigo wake pH ikipita 6.5, cha DTPA hufika 7.5 hivi, na cha EDDHA, ambacho ni unga mwekundu uliokoza, hustahimili hata udongo wa chokaa. Ndicho ghali, na ndicho chenye maana kwetu. Majani yaliyokwishapauka sana huenda yasirudi, angalia yanayochipua.

Vitumba vinavyoanguka

Mti ukishapona huja lawama ya pili: unaweka vitumba, vinanenepa, kisha vinadondoka vikiwa kijani. Hapa hali ya hewa ina neno lake. Gadenia nyingi huanza vitumba usiku ukiwa wa nyuzi 15 hadi 18, na usiku wetu, hata Julai na Agosti, haushuki sana chini ya 20. Hata hivyo Thailand, isiyo baridi kutupita, imejaa gadenia zinazochanua, kwa hivyo aina ya mche ina uzito mkubwa. Mche uliotokana na mti unaochanua hapa hapa kisiwani una thamani kuliko wa picha nzuri kutoka mbali. Usitafute maua mengi katikati ya kaskazi. Msimu wa kusi, usiku unapopoa, ndio wa kuubembeleza.

Mengine ni ya mkono wa mtu. Udongo ukikauka mara moja tu vitumba vikiwa vimejaa, siku chache baadaye vitaanguka, na utakuwa umeshasahau sababu. Ukikigeuza au kukihamisha chungu kila Ijumaa ili kipendeze wageni, vitaanguka. Kukiingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa sababu ya harufu yake ni hivyo hivyo. Chuma ua lililochanua uliweke kwenye kikombe, mti uuache nje. Pahala pake pazuri ni penye jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, kisha kivuli chepesi, na pasihamwe.

Wadudu ni wa kawaida: vidugamba vinavyogandia mishipa ya chini ya jani, nzi weupe, vidukari. Wote hutoa utomvu mtamu, juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukiona sisimizi wamepanga safari kwenye shina, geuza majani, maana wanawachunga hao. Maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, hufanya hivyo hivyo kwenye mikarafuu. Maji ya sabuni kidogo kwa kitambaa, jioni, kila baada ya siku nne tano, hadi waishe.

Maua yakimalizika, kata ncha mara moja, usingoje miezi, kwani vitumba vijavyo vitakaa kwenye machipukizi yatakayofuata. Ncha hizo usizitupe. Zikiwa na urefu wa sentimita 10 hivi, nusu laini nusu ngumu, ondoa majani ya chini, zichomeke kwenye usumba uliooshwa, uzifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na uziweke kivulini. Masika ndiyo wakati wake. Huchukua wiki nne hadi nane kutoa mizizi. Ukivuta taratibu na kipande kikakataa, kimeshika.